Picha ya Ukurasa wa Mbele

Kwa miaka minne hakuna mtu mtandaoni aliyewahi kuliona shavu la kushoto la Nyakio. Waliliona jingine, laini, la rangi moja toka sikioni hadi kidevuni, shavu ambalo alijitengenezea mwenyewe kwa filta na subira, na ambalo lilimletea laiki mia mbili kila alipoliweka hadharani. Lile alilozaliwa nalo lilikuwa na baka jekundu lililokolea, lililoanzia chini ya jicho likateremka hadi kwenye taya. Hilo alilipaka poda kila asubuhi, akalishushia nywele za wigi, akatoka mtaani kwake Waithaka kwenda kazini akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja.

Msimcheke. Shuleni walimwita Ramani, miaka minane mfululizo, na mtu aliyeitwa Ramani na darasa zima haamki siku moja akasahau. Aliyekuwa akilibusu baka hilo bila kulionea haya ni mama yake, na mama yake alifariki mwaka wa 2019. Kaka yake Muigai alikuwa Qatar, na simu zake zilikuwa za Krismasi tu. Kwa hivyo Nyakio aliishi peke yake katika chumba kimoja cha kupanga, na ukitoa watu elfu moja mia tisa waliomfuata mtandaoni, hakuwa na mtu wa kumwuliza kama amekula.

Kazi yake aliiweza, hilo nalo lisemwe. Alikuwa akitengeneza programu za mazishi katika duka la uchapishaji la Mungai, ghorofa ya pili, katikati ya jiji la Nairobi. Vile vijitabu vya kurasa nane ambavyo waombolezaji hugawiwa langoni: picha ya marehemu mbele, ratiba ya ibada, wasifu, nyimbo, na shukrani za familia nyuma. Mungai alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia kila wiki.

"Hakuna marehemu mbaya," alisema. "Toa chunusi, toa macho mekundu, toa mikunjo. Familia ikiona picha iseme, aii, kumbe alikuwa handsome hivi!"

Na Nyakio alitoa. Alitoa chunusi za wazee waliokufa na miaka themanini, akanyoosha kola, akafungua macho yaliyokuwa nusu yamefumba. Mkono wake ulizoea mpaka ukawa unafanya kazi wenyewe huku yeye akiwaza mambo mengine.

Siku hizo alikuwa akimwaza Maxwell.

Maxwell alikuwa mpimaji ardhi huko Kisumu. Alianza kwa kuandika maoni chini ya picha yake moja, kisha ujumbe, kisha simu za saa saba mchana ambazo Nyakio alizipokea kwenye ngazi za jengo, mbali na masikio ya Mungai. Miezi saba sasa. Alikuwa na kicheko cha polepole, na alikumbuka mambo: akiambiwa Jumatatu kwamba mashine imeharibika, Alhamisi atauliza kama imetengenezwa. Nyakio alikuwa hajawahi kukumbukwa namna hiyo na mwanamume. Lakini kila Maxwell alipotaka waonane kwa video, kamera ya Nyakio ilikuwa mbovu. Mara tatu alikuja Nairobi, na mara tatu Nyakio akashikwa na homa. Jumanne hiyo alikuwa ameandika: "Friday niko town. Saa nane, pale Archives. Hii ya nne ukikosa, nitajua tu hunitaki, na sitakusumbua tena."

Alimtaka. Hapo ndipo palipokuwa na tabu yote. Alimtaka kiasi cha kuogopa kuonwa naye.

Jumatano saa nne asubuhi akaingia mama mmoja dukani, peke yake, leso ya bluu kichwani na mfuko wa karatasi mkononi. Jina lake Namalwa, lakini alijitambulisha kama Mama Everlyn, jinsi mtu anavyojitambulisha hata mtoto mwenyewe anapokuwa amelala mochari. Alitoka Bungoma. Everlyn, bintiye wa miaka ishirini na minane, alikuwa mpishi katika nyumba ya tajiri mmoja Kitisuru, na pumu ilikuwa imemshika Jumamosi, akakata roho kabla gari halijafika. Wangesafiri na mwili Ijumaa saa saba, wazike Jumamosi.

"Pole sana, mama," Nyakio alisema, na hii haikuwa pole ya kazini. "Picha tunayo?"

Mama Everlyn akatoa simu kutoka kwenye mfuko, ameishika kwa vidole viwili. "Wanasema ziko humu. Mimi sijui kufungua. Msichana walikuwa wanafanya kazi na yeye ameniandikia namba."

Nyakio akaifungua. Picha zilikuwa mia nne na kumi na mbili, na alipoanza kuzipitisha akajikuta anatabasamu, maana alizijua bila kumjua mwenyewe. Taa ile ile ya dirishani. Kidevu kimeinuliwa kidogo. Ngozi kama yai lililomenywa. Akachagua moja nzuri sana, Everlyn amesimama mbele ya maua ya tajiri wake, akaiweka kwenye ukurasa wa mbele, jina juu, tarehe chini, akamgeuzia mama kioo cha kompyuta.

Mama Everlyn akasogea. Akatazama kwa muda.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Nyakio alidhani macho ya mzee yana shida. Akaikuza picha. Mama akatikisa kichwa. Akamwonyesha nyingine, na nyingine, na ya Krismasi, na ya kofia. Kwa kila moja mama alisema neno lile lile bila hasira: huyu simjui. Kisha akapitisha kidole usoni pake mwenyewe, kutoka kwenye nyusi ya kushoto hadi katikati ya shavu.

"Wangu ako na kovu hapa. Kubwa. Na meno ya mbele imeachana. Hawa wasichana wako wote hawana."

Wakakaa chini pamoja, wakaanza kutafuta. Saa nzima. Nyakio alipekua hata picha zilizofutwa. Everlyn alikuwa mwangalifu kama yeye. Hakuacha hata moja yenye kovu. Kitambulisho kilikuwa kimesharudishwa serikalini wakati wa kuandikisha kifo. Nyumbani kulikuwa na picha moja ya darasa la nane, lakini mchwa walikuwa wamekula uso.

"Krismasi tatu hakukuja," Mama Everlyn alisema, macho bado kwenye simu. "Mara kazi, mara nauli, mara likizo imekataliwa. Jana tajiri wake ananiambia, mama, huyu msichana tulikuwa tunampa likizo kila Disemba. Analala tu kwa chumba yake wiki mbili, halafu anarudi jikoni."

Nyakio akaacha kuzipitisha picha.

"Nilidhani amenichoka. Kumbe alikuwa anaogopa watu wa kwetu. Wasichana wa huko wanaona hizi picha, wanasema Everlyn amekuwa mzungu, kovu imeisha, ameenda kwa daktari wa pesa. Sasa angekuja nayo aje?" Akaikaza leso yake kichwani. "Juzi waliponifungulia pale mochari ndio nikamwona. Nikasema, eeh. Huyu ndiye wangu. Miaka tatu sijamwona, nimemwonea huko."

Nyakio aliushika ukingo wa meza. Aliiwazia ile Disemba: maua ya Kitisuru nje, geti limefungwa, watu wa nyumba wameenda pwani, na msichana amejilaza kitandani akihesabu laiki za uso ambao hakuthubutu kuupeleka kwa mama yake. Aliiona wazi kupita kiasi, kwa sababu yeye mwenyewe alijua jinsi wiki mbili kama hizo zinavyopita. Akazivuta nywele za wigi zikae vizuri shavuni.

"Ndani ya huo mfuko kuna nini kingine, mama?"

Kulikuwa na leso mbili, dawa ya pumu ya kuvuta, Agano Jipya, na chini kabisa kadi ya geti.

Kama hujawahi kufanya kazi Kitisuru, hujui kadi ya geti. Wapishi, watunza bustani na yaya wote wa mtaa ule hupigwa picha getini na askari, kwa kamera ya kompyuta, wamesimama ukutani, kisha hupewa kadi ya plastiki ya kuvaa shingoni. Hakuna anayeulizwa upande gani unampendeza. Everlyn alikuwa hapo, mdogo kama stempu. Kovu lote lilionekana, na meno yaliyoachana, maana alikuwa anacheka. Mama alisema askari huyo aliitwa Sifuna, mtu wa Bungoma, na ndiye aliyempigia simu ya kwanza kumpa habari za kifo. Bila shaka alikuwa amemtania Everlyn kwa Kibukusu, lugha ya kwao, ndipo akabofya. Plastiki ya kadi ilikuwa imejaa mikwaruzo, lakini Mama Everlyn aliibusu pale pale mbele ya kaunta.

"Huyu," alisema. "Watu wa nyumbani lazima wajue ni nani wanazika."

"Nitaisafisha mikwaruzo, nitaikuza. Ijumaa saa tatu iko tayari," Nyakio akaahidi.

Alhamisi akaitia kadi kwenye skana, akaikuza mara kumi, akaketi kuifanyia kazi. Ilikuwa kazi ya mkono na jicho. Mkwaruzo mmoja ulipita shingoni, mwingine kwenye paji la uso, mingine mitatu shavuni. Maxwell alikuwa akimwandikia, simu ikiwa pembeni ya kibodi: "Kesho utavaa rangi gani nikujue?" Nyakio akaanza kujibu nguo ya kijani, akafuta. Akaanza kujibu kwamba anahisi homa inakuja, akafuta pia. Mkono wa kulia uliendelea na kazi, doa kwa doa, mstari kwa mstari. Alipomaliza, uso ulikuwa safi. Akaupanga, akapeleka kwenye mashine, na kufikia jioni nakala mia mbili zilikuwa zimekunjwa kwenye boksi. Mungai alichukua moja akaitazama, akasema, "Sasa hii ndio kazi."

Ijumaa Mama Everlyn alifika kabla ya saa tatu. Akaishika nakala ya kwanza kwa mikono miwili. Nyakio alikuwa akingoja kuona furaha, na kwa nusu dakika hakuelewa anachokiona.

"Umemtoa kovu," mama alisema.

Nyakio akaichukua nakala. Meno yalikuwa yameachana vile vile, kicheko kilikuwa kile kile, na shavu la kushoto lilikuwa laini, la rangi moja. Mkono ulikuwa umepita hapo wenyewe. Upande ule ule aliofuta kwake kila siku kwa miaka minne, mkono uliijua njia, na yeye mwenyewe hata hakuwapo.

"Mama, nisamehe. Sikukusudia. Ni mazoea."

"Uji ulimwagikia yeye akiwa na miaka tatu," Mama Everlyn alisema. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Niliacha sufuria mekoni nikatoka nje kufukuza kuku kwa mahindi. Kuku! Hiyo kovu ni mimi nilimpa. Miaka ishirini na tano nikiangalia uso yake, ndani yangu naomba msamaha. Alikuwa ameificha kwa simu, sawa, alikuwa msichana. Lakini wewe pia ukiitoa, kesho nitasimama mbele ya watu nimwombe nani?"

Nyakio alilia. Alilia dukani, mbele ya mteja, mbele ya Mungai aliyekuwa ametoka ofisini kuona kuna nini.

"Nakala mia mbili, Nyakio!" Mungai alifoka. "Karatasi yote hiyo! Na hawa watu wanaondoka saa saba!"

"Naifanya upya," Nyakio akasema, akipangusa macho kwa mkono wa nguo. "Zote. Nipe hadi saa sita."

Skani ya kwanza ilikuwepo bado. Safari hii aliifanya kazi na simu ikiwa ndani ya droo. Alimweka Mama Everlyn kwenye kiti karibu yake, na kabla ya kugusa kila mstari aliuliza: huu ni mkwaruzo au ni yeye? Mama akainama, akatazama, akajibu. Huo ni mkwaruzo. Huo toa. Hapo acha, hapo ni yeye. Hapo pia ni yeye. Wakaendelea hivyo bila haraka ingawa muda ulikuwa unakimbia, na Everlyn akatokea kidogo kidogo, mwenye kovu, anacheka.

Machozi yalikuwa yameharibu poda. Nyakio alilisahau hilo mpaka alipogeuka na kumkuta mama anamtazama yeye, si kompyuta.

"Wewe pia," Mama Everlyn alisema.

Nyakio akapeleka mkono kwenye wigi.

"Wacha. Ulizaliwa nayo?"

"Ndiyo, mama."

"Mama yako ana picha yako nayo?"

"Mama alifariki."

"Pole." Mashine ilikuwa imeanza kutoa kurasa, tap, tap, tap. "Basi nani ana picha yako?"

Swali hilo halikuwa na ubaya wowote, lakini lilimpiga. Alijua picha zake zilivyo: elfu na zaidi, na hakuna hata moja. Aliwaza siku ambayo Muigai, kaka wa simu za Krismasi, angeketi kwenye kiti kile na mtengeneza programu mwingine, achague ile ya kofia nyekundu, na hakuna mtu hata mmoja ambaye angeuliza huyu ni nani. Wangemzika msichana wa filta. Wangempenda, hata. 

"Hakuna," alisema.

"Lete hiyo simu yako."

Ilibidi kwanza azime ile kamera ya kulainisha, na hakukumbuka huzimwa wapi. Ilimchukua dakika tatu kupata. Akaosha uso kwenye sinki la nyuma. Akavua wigi, akabaki na matuta yake ya nywele. Mama Everlyn, ambaye maisha yake yote alikuwa hajapiga picha, alishika simu kama sahani iliyojaa supu, akamsimamisha karibu na dirisha, akabofya mara moja tu.

"Imeingia?"

"Imeingia."

Saa sita na robo boksi lilifungwa, na Nyakio akaandika namba yake ya simu juu yake. Mama alitoa nakala moja juu, akaitazama kwa mara ya mwisho, akasema, "Ndiye," akashuka ngazi. Hakuwa mtu wa maneno mengi ya kuagana.

Nyakio aliitazama picha yake kabla ya saa nane. Ilikuwa imekaa upande, kona yote ya chini imezibwa na kidole gumba cha mama, na baka lilikuwa pale, wazi, likiingia kwenye taya. Alitaka kuifuta. Akaitia simu mfukoni haraka, akatembea hadi Archives, jengo la kumbukumbu za taifa, bila wigi na bila poda, na upepo ukalipiga shavu lake katikati ya jiji kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne. Watu wawili walimtazama mara mbili. Wengine wote walikuwa na shughuli zao.

Maxwell alikuwa amesimama karibu na ngazi, shati la bluu, mrefu kidogo kuliko alivyodhani. Alikuwa ameshika simu na anatafuta. Macho yake yalipita juu ya Nyakio, yakaenda kwa msichana wa nyuma yake, yakarudi, yakapita tena. Nyakio alikuwa hatua sita kutoka kwake. Angeweza kugeuka. Homa ilikuwa tayari mdomoni, maneno yake anayajua kwa moyo.

Akaituma picha ya Mama Everlyn.

Akamwona Maxwell anaisogeza simu machoni, anakunja uso. Anaandika. Simu ya Nyakio ikatetemeka mkononi.

"Huyu ni nani?"

Akazitembea zile hatua sita.

"Ni mimi," akasema.

Maxwell alimtazama, akatazama simu, akamtazama tena. "Nyakio?" Na sauti ilikuwa ile ile, ya polepole, na kwa kitambo kidogo Nyakio alifurahi kweli kweli.

Nimtendee haki kijana wa watu: hakumkimbia. Walipanda hadi hoteli moja ya ghorofani wakaagiza chai na mandazi, naye akalipa. Akauliza habari za mashine. Alikuwa mstaarabu, na ustaarabu wake ulizidi kadiri chai ilivyopoa, mpaka ukawa kama wa karani anayekuhudumia benki.

"Zile picha zingine, sasa," alisema mwishowe. "Zote?"

"Zote."

"Ungeniambia tu, Nyakio. Mimi si mtu wa maneno mengi."

"Ningekuambia, ungekuja?"

Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukorogwa. Saa kumi kasoro akasema basi lake linaondoka.

Jioni, Waithaka, Nyakio akiwa bado na viatu, picha ya Maxwell ikatoweka kwenye simu, mahali pake pakabaki kile kichwa cha kijivu kisicho na mtu. Kila mwenye simu anajua maana yake: amemfungia asimpate tena. Ilimwuma vibaya. Alilia uso ukiwa kwenye mto, na miezi saba ile ya kukumbukwa ilimwuma kuliko kukataliwa kwenyewe. Halafu akafanya jambo ambalo singependa kulisimulia: akavaa wigi, akafungua filta, akajipiga selfi mbele ya dirisha, akaiweka. Laiki zikaja, na maoni chini yake. Moto. Queen. Wewe kaa huko juu. Aliyasoma yote, yakampasha moto kwa muda wa kunywa kikombe kimoja, kisha chumba kikawa kile kile. Jumamosi nzima hakuna aliyebisha hodi.

Jumapili alasiri alikuwa akifua nguo nje, mikono imejaa povu, simu ikalia. Namba asiyoijua.

"Ni Mama Everlyn. Nimekosea?"

"La, mama. Hujakosea. Mlizika salama?"

"Tulizika." Nyuma yake kulisikika kuku na sufuria zinazooshwa. "Walimjua, msichana wangu. Kila mtu aliyechukua hiyo karatasi alisema, aa, huyu ni Everlyn wetu. Mzee mmoja alikuwa mwalimu wake, akacheka na kulia pamoja. Nikasimama, nikamwomba msamaha mbele yao wote. Nimemaliza."

Nyakio akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Nashukuru, mama."

"Na ile picha nilikupiga ilitoka?"

"Ilitoka. Kidole chako kiko ndani."

Mama Everlyn akacheka, kicheko cha kwanza Nyakio kumsikia akikicheka. "Kidole si kitu. Lakini ilitoka kama wewe?"

Nyakio akaiondoa simu sikioni, akapangusa povu, akaitafuta. Ilikuwa pale, chini ya selfi ya Ijumaa, imekaa upande. Macho yalikuwa mekundu ya kulia. Shavu lilikuwa lile ambalo mama yake alikuwa akilibusu. Alilitazama mpaka mama kule Bungoma akaita halo, halo.

"Ilitoka kama mimi," alisema.

"Basi usiifute," Mama Everlyn akasema. "Siku mtu akikutafuta, akupate."

Salio likamwishia hapo, simu ikakatika. Nyakio alibaki ameketi kwenye ndoo, nguo zikiwa bado kwenye maji, akimtumia Muigai ile picha.